Kuchagua Silaha ya Kulinda Nyumba Marekani: Mwongozo kwa Anayeanza

Mtu akishahamia Marekani, akapata kazi, nyumba na gari, hakawii kuanza kuuliza habari za bunduki. Jirani anayo, mfanyakazi mwenzake anayo, na duka lenyewe liko kando ya barabara kama duka la viatu. Swali ninaloletewa na Waswahili wenzangu ni lile lile: ninunue ipi ya kulinda nyumba? Muulizaji hutaka jina moja na bei yake, nami humrudishia maswali: kuta za nyumba yako ni za nini, nani analala chumba cha pili, mwenzako ana nguvu za kukoki bastola, na utaifungia wapi? Silaha ya nyumbani huchaguliwa kwa kuitazama nyumba na watu waliomo, na ndiyo sababu mwongozo huu unazifikia bunduki zenyewe katika hatua ya nne.

Ninazungumzia silaha inayokaa nyumbani tu. Kuibeba kiunoni barabarani ni suala jingine lenye masharti yake. Tena sheria za majimbo hutofautiana sana, kwa hiyo kila ninapotaja sheria, ithibitishe katika jimbo lako kabla ya kutoa fedha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na kitambulisho cha serikali chenye picha, tarehe ya kuzaliwa na anwani unayoishi sasa. Kama wewe si raia, uwe na hati zako za uhamiaji pamoja na namba yako ya uhamiaji. Uwe na kibali cha jimbo pale kinapodaiwa: Illinois hudai kadi ya FOID kabla hujagusa silaha, New Jersey ina kadi yake ya mnunuzi, na Massachusetts ina leseni zake, ilhali Texas haidai kibali cha kununulia. Uwe na fedha za kutosha kununua sefu, risasi za mazoezi na somo la siku moja, kwani mwenye fedha za bunduki peke yake bado hajawa tayari. Mwisho, uwe na ridhaa ya watu wazima wote wa nyumba hiyo. Silaha iliyoingizwa kwa siri huja kugunduliwa na mtoto.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba sheria inakuruhusu

Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1968 inamtaka muuzaji mwenye leseni asimuuzie bastola mtu aliye chini ya miaka 21, wala bunduki ndefu aliye chini ya miaka 18. Majimbo kadhaa yameongeza umri huo. Haruhusiwi kumiliki silaha mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake yaweza kuzidi kifungo cha mwaka mmoja. Tangu mwaka 1996 haruhusiwi pia aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake, hata kama kosa lilihesabiwa kuwa dogo. Mtumiaji wa bangi naye amo katika orodha ya waliokatazwa. Wengi hushangaa hapa, kwa kuwa majimbo mengi yameihalalisha bangi, lakini fomu ya kununulia silaha inasema waziwazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya serikali kuu.

Kwa wahamiaji hali ni hii. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Mkimbizi aliyepokewa rasmi na mtu aliyepewa hifadhi hawahesabiwi pamoja na wenye viza za muda, kwa hiyo katazo la wenye viza haliwahusu. Mwanafunzi, mfanyakazi au mgeni aliye hapa kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa hali chache ambazo sheria imezitaja, na asiye na hati haruhusiwi kabisa. Jambo la kuzingatia ni kwamba kosa la silaha linaweza kumfanya asiye raia arudishwe kwao hata kama ameishi hapa miaka 20. Ukiwa na shaka yoyote juu ya hadhi yako, mlipe wakili wa uhamiaji saa moja ya kazi yake. Itakugharimu kidogo kuliko kosa.

Hatua ya 2: Ikague nyumba kabla ya kwenda dukani

Sisi tuliokulia katika nyumba za tofali, za udongo au za mawe ya pwani tuna imani moja ambayo hapa haifai: kwamba ukuta huzuia risasi. Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za ndani zilizotengenezwa kwa mbao nyembamba na mabamba ya jasi yenye unene wa milimita 13 hivi kila upande. Risasi yoyote yenye nguvu ya kumsimamisha mtu hulipita bamba hilo, ikaingia chumba cha pili, na pengine cha tatu. Kwa hiyo chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, uweke alama vitanda vya watoto, chumba cha bibi na ukuta unaopakana na jirani, kisha simama mahali ambapo ungejihami usiku na uone ni upande gani hutakiwi kuuelekezea mtutu kamwe. Kama unaishi kwenye ghorofa za kupanga, huenda ukagundua kwamba karibu kila upande una mtu. Hapo si lazima uendelee na hatua inayofuata.

Ukiwa bado na karatasi mkononi, angalia milango. Milango mingi hushikiliwa na skrubu fupi ambazo hung'oka kwa teke moja. Ziondoe katika bamba la kufuli na bawaba, uweke zenye urefu wa sentimita 7 au 8 zinazoingia kwenye mbao za ukuta. Weka taa inayowaka yenyewe mtu anapopita. Haya hufanya kazi hata ukiwa kazini zamu ya usiku, na hakuna mtoto anayeweza kujiumiza kwa skrubu ya mlangoni. Soma pia mkataba wako wa pango, kwa kuwa huenda una kifungu kuhusu silaha.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kuifungia

Nyumba zetu hazikauki wageni. Jumamosi moja huwa na watoto wa shemeji, wa jirani na wa rafiki aliyepita kusalimia, na watoto hao hupekua kila mahali, juu ya kabati na chini ya godoro vikiwemo. Tangu mwaka 2020 silaha za moto ndizo zinazoongoza kwa kusababisha vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 nchini Marekani. Zaidi ya nusu ya vifo vyote vya risasi nchini humu ni vya watu waliojiua. Kwa maneno mengine, anayeihitaji sefu zaidi huenda ni mtu wa ndani ya nyumba.

Kwa bastola, nunua sefu ndogo ya chuma inayofunguliwa kwa vitufe vya namba unavyoweza kuvipapasa gizani, kisha uifunge kwa bolti sakafuni au kwenye fremu ya kitanda, la sivyo mwizi ataibeba sefu nzima. Bunduki ndefu huhitaji kabati la chuma au kishikio cha ukutani chenye kufuli. Kufuli ya waya unayopewa bure pamoja na bastola, kwa kuwa sheria ya mwaka 2005 inamlazimu muuzaji kukupa kifaa cha namna hiyo, inafaa kwa silaha uliyoiweka akiba, lakini si rahisi kuifungua kwa haraka. Vituo vingi vya polisi pia hugawa kufuli hizo bila malipo.

*Onyo:* Usitegemee kuficha. Kuficha si kufunga.

Hatua ya 4: Chagua aina

Kwa nyumba, uchaguzi kwa kawaida huwa kati ya aina tatu.

*Shotigani*, yaani bunduki ya marisau, ndiyo ambayo wengi wetu tuliiona mikononi mwa mlinzi wa benki. Ile ya pampu ni rahisi, ni imara, na mara nyingi ni nafuu kuliko bastola. Remington 870 iko sokoni tangu mwaka 1950 na Mossberg 500 tangu mwaka 1961. Ugumu wake ni urefu, unaosumbua kwenye kona na milango, na teke lake. Anayeanza huchanganyikiwa na namba za geji, akidhani kwamba 20 ni kubwa kuliko 12, kumbe ni kinyume: kadiri namba inavyopungua ndivyo mtutu unavyopanuka. Geji 20 hupiga teke dogo zaidi na inatosha kabisa ndani ya nyumba. Mimi nilianza na geji 12 kwa sababu muuzaji alinitazama mabega akaniambia inanifaa. Hakuna aliyeyatazama mabega ya mke wangu, ambaye ndiye hubaki nyumbani ninapokuwa zamu ya usiku. Alifyatua mara mbili, akairudisha mezani, na hakutaka tena kuigusa. Niliiuza kwa hasara.

Kuna imani mbili kuhusu shotigani ambazo nakuomba uziache dukani. Ya kwanza ni kwamba haihitaji kulengwa kwa kuwa marisau hutawanyika. Katika umbali wa chumba, tuseme mita 5, kundi la marisau makubwa kwa kawaida halizidi upana wa kiganja, kwa hiyo asiyelenga hukosa kama mwenye bunduki nyingine yoyote. Ya pili ni kwamba mlio wa kuikoki peke yake humkimbiza mwizi. Huenda ukamkimbiza, huenda ukamwonyesha ulipo. Huo si mpango wa kuutegemea.

*Bastola* ya risasi za milimita 9 ndiyo ninayowashauri wengi waianzie, kwa masharti. Huingia kwenye sefu ndogo, hukuachia mkono mmoja wa kushika simu au mtoto, na risasi zake ni rahisi kupatikana. Usibabaishwe na anayesema kwamba milimita 9 ni ndogo mno, kwa maana FBI wenyewe, baada ya miaka kadhaa ya kutumia risasi kubwa zaidi, waliamua mwaka 2014 kurudi kwenye milimita 9. Chagua bastola ya ukubwa wa kati au kamili, kama Glock 19 au zinazolingana nayo kutoka kampuni nyingine zinazojulikana. Kibastola kidogo kinachoingia mfukoni humvutia anayeanza na hasa humvutia anayemnunulia mkewe, lakini kina mshiko mfupi, huruka sana mkononi na ni kigumu kulenga. Sharti la bastola ni mazoezi: kati ya silaha zote tatu, ndiyo inayomwadhibu zaidi mvivu.

*Raifoli fupi za kufyatua risasi mojamoja*, kama zile za aina ya AR-15, zina teke dogo na hulengeka vizuri kwa kuwa zina kitako cha kuegemeza begani. Hata hivyo majimbo kadhaa, yakiwemo California, New York na Illinois, yamezipiga marufuku au kuzibana sana, na mlio wake ndani ya chumba ni wa kutisha. Kwa mtu anayenunua silaha yake ya kwanza, sioni haja.

Usikate mtutu wa bunduki ndefu ili upate wepesi. Sheria ya serikali kuu inataka mtutu wa shotigani usipungue inchi 18, karibu sentimita 46, na wa raifoli usipungue inchi 16. Kuufupisha bila kibali ni kosa kubwa.

Hatua ya 5: Ijaribu kabla ya kuinunua

Viwanja vingi vya shabaha hukodisha silaha. Nenda na kila mtu mzima atakayeruhusiwa kufungua ile sefu, na umwache mwenye nguvu ndogo kuliko wote ndiye aamue. Ajaribu kuikoki mwenyewe bila msaada, kuingiza magazini, kutoa risasi iliyomo kwenye chemba, na kufyatua risasi 50. Kama ni bunduki ndefu, kitako kisiwe kirefu kiasi cha kumfanya anyooshe mkono wote ili kukifikia kifyatulio. Vaeni vilinda masikio na miwani tangu mlangoni, kwa sababu mlio wa bunduki huzidi desibeli 140 na sikio likishaharibika halirudi.

Kanuni nne za usalama zinaanza hapa na hazina likizo. Ichukulie kila silaha kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Usiweke kidole kwenye kifyatulio kabla hujalenga na kuamua. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Hatua ya 6: Chagua risasi

Kwa bastola utanunua aina mbili: risasi za kawaida zenye ncha ya mviringo kwa ajili ya mazoezi, na zenye ncha iliyotobolewa kwa ajili ya nyumbani. Hizi za pili hupanuka zikigonga mwili, hivyo hupunguza uwezekano wa kumpita mtu na kumfikia wa nyuma yake. Hata hivyo zikikosa zitatoboa ukuta wa jasi kama nyingine. Kwa shotigani, marisau madogo ya kuwindia ndege hayategemewi kumsimamisha mtu, na marisau makubwa hupita kuta. Hakuna risasi inayojua kutofautisha mwizi na ukuta. Kilichobaki ni ile ramani uliyoichora.

Soma namba iliyochongwa kwenye mtutu na ulinganishe na boksi. Usichanganye kamwe risasi za geji 12 na za geji 20: ya geji 20 ikiingizwa kwenye mtutu wa geji 12 huteleza na kukwama mbele, na ukiweka ya geji 12 nyuma yake ukafyatua, mtutu hupasuka mbele ya uso wako.

Hatua ya 7: Nunua kwa jina lako mwenyewe

Muuzaji mwenye leseni atakupa fomu namba 4473. Isome polepole, na kama Kiingereza chake kinakushinda, iache, urudi siku nyingine ukiwa umejiandaa. Kwenye sehemu ya uraia andika nchi yako halisi. Kuna watu huweka alama ya Marekani kwa haraka wakidhani wanaulizwa wanapoishi, na kudai uraia usio nao kunaweza kukufungia mlango wa uraia maisha yako yote. Baada ya hapo muuzaji atawasiliana na NICS, mfumo wa kukagua wanunuzi ulioanza mwaka 1998, na atajibiwa moja kati ya mambo matatu: endelea, subiri, au kataa. California huongeza siku 10 za kungoja kwa kila mnunuzi.

*Onyo kubwa:* Usimwombe ndugu mwenye hati akununulie kwa jina lake, wala usimnunulie mwingine ambaye hawezi kununua mwenyewe. Kwetu kusaidiana ni ustaarabu, lakini msaada huu unaitwa ununuzi wa kivuli, na tangu mwaka 2022 sheria mahususi inaupa adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka 15.

Silaha ikishalipiwa, isafirishe ikiwa haina risasi, imefungwa kwenye boksi ndani ya buti la gari, na usipitie posta kuchukua barua njiani, kwa kuwa silaha haziruhusiwi katika maeneo ya posta. Usiipeleke nyumbani Afrika Mashariki ukienda likizo. Tanzania ina sheria yake ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, Kenya ina yake, na Marekani nayo ina masharti yake ya kuitoa nje.

Hatua ya 8: Jifunze, kisha wekeni mpango wa usiku

Lipia somo la wanaoanza, na baada ya hapo nenda uwanjani walau mara moja kila miezi miwili. Kisha kaeni na familia mkubaliane: kelele ikisikika, wote wanakusanyika chumba gani, nani anawachukua watoto, na nani anapiga 911. Vituo vingi vya 911 vina wakalimani kwa simu. Taja neno "Swahili" na usubiri. Mwenye silaha hukaa nyuma ya kitanda akiwa ameuelekea mlango, wala hazunguki nyumba kumsaka mtu. Polisi wakifika, iweke silaha chini kabla hawajaingia, kwa kuwa hawajui mwenye nyumba ni nani.

Weka tochi kando ya sefu, na usimfyatulie mtu usiyemtambua. Aprili 2023 huko Kansas City, Missouri, kijana wa miaka 16 aliyekwenda kuwachukua wadogo zake alibonyeza kengele ya nyumba isiyo sahihi, akapigwa risasi na mwenye nyumba. Mwezi huo huo, Hebron, New York, msichana wa miaka 20 aliuawa akiwa katika gari lililoingia kimakosa kwenye njia ya nyumba ya mtu, na aliyefyatua akahukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Majimbo mengi hukupa haki ya kujihami ndani ya nyumba yako dhidi ya anayetishia uhai. Anayekimbia na televisheni yako hatishii uhai wa mtu. Huku hakuna ile kelele ya "mwizi!" inayowatoa majirani wote nje, na usimkimbize mtu barabarani ukiwa na bunduki.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Nimeambiwa nisubiri.* Mara nyingi jina lako limefanana na la mtu mwingine. Kwa sheria ya serikali kuu, zikipita siku 3 za kazi bila jibu muuzaji anaweza kukukabidhi silaha, ingawa halazimiki. Kwa walio chini ya miaka 21 muda unaweza kufika siku 10 za kazi. Ikitokea kila mara, omba FBI namba ya utambulisho ya UPIN, itakayokutofautisha na mwenye jina kama lako.

*Nimekataliwa.* Usiende duka jingine kujaribu bahati. Kata rufaa kwa maandishi na uulize sababu.

*Kitambulisho kina anwani ya zamani.* Muuzaji hawezi kukubali kitambulisho hicho peke yake. Kibadilishe, au ulizia kama atapokea hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kama usajili wa gari.

*Bastola inakwama kila baada ya risasi chache.* Kwa anayeanza, chanzo huwa mara nyingi ni mkono uliolegea. Kaza mshiko, nyoosha kifundo cha mkono, kisha jaribu magazini nyingine na risasi za kampuni nyingine. Wakati wote huo mtutu uelekee mbele kwenye shabaha, hata unapogeuka kumwita mwalimu. Geuza kichwa, mwili ubaki.

*Nimefyatua, hakuna kilichotokea.* Ukiwa uwanjani, subiri sekunde 30 mtutu ukiwa mbele, ndipo uitoe risasi hiyo. Zipo zinazochelewa kuwaka.

*Mtu wa nyumbani amekata tamaa ya maisha.* Iondoe silaha nyumbani siku hiyo hiyo. Baadhi ya maduka na vituo vya polisi huihifadhi kwa muda. Piga simu kwanza, na uulize sheria ya jimbo kabla ya kumwachia rafiki. Namba ya 988 hupokea simu za watu wenye hali hiyo saa 24. Silaha isirudi kwa sababu tu kwamba anaonekana anacheka tena. Subiri wiki, subiri miezi, na ikirudi, namba za sefu ziwe mpya.